Naombeni ushauri: ni nesi wa ngazi ya LVN hapa Texas, nisomee cheti cha vidonda au niachane nacho?

Nesi wa Usiku
Wakuu, salaam. Nipo Houston, LVN (nesi wa leseni, ngazi ya chini ya RN, yule nesi aliyesajiliwa), zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kazi yenyewe mnaijua: dawa, kupima sukari, kugeuza watu, kufunga vidonda. Sasa nataka kusomea cheti cha vidonda, ile WCC, maana na sisi LVN tunaruhusiwa kuufanya mtihani wake. Kuna wanaosema ni kuchoma hela, kuna wanaosema kinalipa. Usingizi wenyewe wa mchana sipati. Mliopita njia hii nisaidieni. Matusi sitaki.

Mzee wa Busati
Wenzio huku tunatafuta hata kazi ya kufagia hicho chumba cha vidonda, wewe unaongeza vyeti. Jenga! Viwanja Kigamboni bado vipo.

Sindano Butu
Nilikuwa LPN Minnesota (ndiyo hiyohiyo LVN yenu), sasa ni RN. Cheti ni kizuri, unajua kidonda kinachotoa maji mengi unakiwekea nini na kikavu unakiwekea nini, siyo kubandika gozi kila mahali. Ila hakikupi ruhusa mpya hata moja. LVN Texas unafanya kazi chini ya usimamizi, na tathmini kamili ya mgonjwa ni ya RN. Utaandika WCC nyuma ya jina lako na bado utamwita RN. Kile cheti kingine cha vidonda, CWCN, ndiyo kabisa, kinataka RN mwenye digrii. RN unaenda lini?

Binti Kilosa
Shangazi yangu alikaa na kidonda ndugu mguuni miaka nenda rudi, ana sukari. Kila mgeni na dawa yake: asali, papai bichi, majivu. Aliyemponya ni nesi wa zahanati, ngazi ya cheti tu. Alimsimamia dawa za sukari, akawa anaosha kwa maji ya chumvi, anafunga, na alimkataza kabisa kuukanyagia ule mguu. Shangazi alimnunia mwezi mzima. Soma dada, Mungu atakulipa.

Sindano Butu
Swali langu halijajibiwa.

Nesi wa Usiku
RN nitaenda, ipo ipo tu.

Koromeo
"Ipo ipo" ndiyo nini? Umeomba chuo au hujaomba?

Nesi wa Usiku
Haya. Nimepata nafasi ya kusoma RN, ile ya kuanzia LVN, masomo Agosti. Wanataka jibu Ijumaa na sijawajibu. Na hela ya chuo, nusu nimeshailipia kozi ya vidonda. Lakini nisikilizeni kwanza. Nesi wa vidonda wa pale kwetu ameacha kazi. Mkuu wa wauguzi kaniambia nikipata cheti nafasi ni yangu, mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwanangu yuko darasa la kwanza, akirudi shule ananikuta nimelala. RN si itakuwepo hata mwakani?

Sindano Butu
Amekuandikia?

Nesi wa Usiku
Kwa mdomo. Ila ni mtu wa Mungu, tunasali naye.

Mzee wa Busati
Kuna mtu wa Mungu ana lori langu tangu 2017.

Mama Mkanya
Baba wa mtoto yuko wapi? Hizi kazi za usiku ndizo zinavunja nyumba.

Koromeo
Wakuu, hii ni chai, tena ya tangawizi. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa kwanza aliomba ushauri wa kununua bodaboda Morogoro, anaandika "sisi wanaume". Leo ni nesi Houston. Modi funga uzi.

Nesi wa Usiku
Akaunti natumia na kaka yangu. Hela ya hiyo bodaboda nilituma mimi.

Koromeo
Kaka. Sawa. Vitafunwa viko wapi?

Binti Kilosa
Jamani, na mimi nimeshamwombea!

Sindano Butu
Tusibishane. Nesi, usiende Google. Kidonda cha kulalia kilikuwa hatua ya 4, ile mbaya kabisa, sasa nyama nyekundu imejaa, hakina kina kirefu tena. Unaandika hatua ya ngapi? Na kilichofunikwa chote na gamba jeusi?

Nesi wa Usiku
Kinabaki cha 4, unaandika kinapona. Hakishuki kuwa cha 3, maana nyama iliyojaa siyo ile iliyoliwa. Cha gamba hukipi hatua mpaka uone chini yake. Na gamba la kisiginoni likiwa kavu, limeshika, halina wekundu pembeni, hulibandui. Zamu yangu: Braden 12 ni nzuri au mbaya?

Koromeo
Braden ndiye nani?

Sindano Butu
Braden ni kipimo cha hatari ya vidonda vya kulalia, alama zikishuka hatari inapanda. 12 ni mbaya, huyo mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa ya kupata vidonda. Koromeo, huyu ni nesi. Sasa sikia mdogo wangu. Cheti hata ukiwa RN utakipata, na kila miaka 5 unakihuisha. Kiti cha chuo Ijumaa kinapewa mwingine. Waombe watu wa kozi wakusogezee tarehe.

Nesi wa Usiku
Hela hawarudishi. Na nikizubaa, ile ya mchana anachukua mwenzangu wa jioni. Nadhani chuo wataniwekea nafasi mpaka Januari.

Sindano Butu
Wamesema?

Nesi wa Usiku
Sijawauliza.

Koromeo
Dada, samahani kwa ile ya chai. Mama ana sukari, na ana gamba jeusi kisiginoni, kavu hivyohivyo. Mganga anasema tulikwangue kesho. Umesema halibanduliwi?

Nesi wa Usiku
MSIKWANGUE. Mpelekeni hospitali leo waangalie kama damu inafika mguuni. Kuna harufu? Usaha? Wekundu unapanda? Nijibu PM sasa hivi, naingia kazini saa moja.