Mbwa wa Romania aliyeko Uingereza: nampataje mtu wa kumchukua?

mkaa_Coventry
Wakuu, salaam. Nina mbwa jike, umri kama miaka 3, kilo 19, koko wa mitaani aliyeokolewa Romania na kuletwa hapa Uingereza miezi 7 iliyopita kupitia shirika. Ameshafungwa kizazi, pasipoti ya Ulaya anayo, na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, namba yake inaanza na 642. Nyumba tunayohamia haipokei mbwa, na zimebaki wiki 6. Ndani ni mpole, ila mlango ukigongwa anajibanza chini ya meza, na mwanamume akimwinamia hunguruma. Hajauma mtu. Tangazo la "anatolewa bure" nimeshaliandika, sijalirusha. Shemeji naye anasema nimpeleke Mombasa kwa ndugu wenye uwanja mkubwa. Nianzie wapi?

banda_la_nyuma
Hilo tangazo lifute. Neno "bure" huvuta wanaochukua mbwa kwa kuuza, na wale wanaoamua kwa dakika tano kisha kumrudisha Jumatatu.

Kabla ya picha yoyote, toa mkataba uliotia saini. Mikataba mingi ya mashirika haya ina kipengele kwamba mbwa akishindikana anarudi kwao, hapewi mtu mwingine. Kama kipo na ukamgawa kimyakimya, unajitafutia kesi wewe na aliyempokea. Waandikie leo, kwa barua pepe na si kwa simu tu, utaje tarehe ya kuhama. Mlezi wa muda hapatikani siku mbili. Wakikaa kimya siku 5, andika tena na uombe ruhusa ya maandishi ya kumtafutia makao mwenyewe.

Pili, chipu. 642 ni namba ya nchi ya Romania, kwa hiyo huenda imesajiliwa kule tu. Tafuta tarakimu zote 15 mtandaoni. Kama haimo kwenye hifadhidata ya hapa, isajili sasa kwa jina lako. Chipu ni lazima kisheria tangu Aprili 2016, na faini inaweza kufika pauni 500. Kubadilisha jina ni wajibu wa mmiliki mpya, lakini msimwachie akafanye "wikendi": kaeni mezani siku ya makabidhiano mmalize hapohapo. La sivyo mbwa anapotea siku ya tatu, chipu inasomwa, na simu inalia Bucharest.

daktari_wa_ng'ambo
Naongeza upande wa damu, maana hapo ndipo watu wengi hukwama. Amepimwa nini, na lini?

mkaa_Coventry
Asante daktari. Nina karatasi ya kipimo cha damu cha 4Dx, cha kabla ya safari, yote hasi. Haitoshi?

daktari_wa_ng'ambo
Haitoshi. 4Dx huangalia minyoo ya moyo na magonjwa matatu ya kupe. Brusela ya mbwa, Brucella canis, ugonjwa wa bakteria unaoweza kumwambukiza hata mtu, haimo kabisa, na ndiyo itakayoulizwa kwanza kwa mbwa wa Romania. Usiichanganye na brusela ya maziwa tunayoijua nyumbani: kipimo cha kawaida cha ng'ombe na mbuzi hakiioni hii ya mbwa. Mwambie daktari wako wa mifugo apeleke damu kwenye maabara ya serikali ya APHA, vipimo viwili kwa pamoja, SAT na iELISA. Kingamwili zinaweza kuchukua hadi miezi 3 kuonekana, ndiyo maana kipimo cha kabla ya safari hakimfungi mtu mdomo. Wewe uko mwezi wa 7, wakati ni mzuri.

Majibu yakiwa chanya, usimhamishe mpaka uzungumze na daktari. Dawa zipo, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia kuwa vijidudu vimeisha, na nyumba yenye mjamzito, mtoto mdogo au mtu mwenye kinga dhaifu si ya mbwa huyo. Yakiwa hasi, nakala iende na pasipoti.

Minyoo ya moyo rudia. Kipimo hunasa alama za minyoo jike waliokomaa, na kukomaa kwao huchukua miezi 6 hivi tangu mbu aume. Kwa hiyo ile hasi ya zamani inaweza kuwa ya mapema mno.

wa_Likoni
La Mombasa liache. Utahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara ya mifugo ya Kenya, cheti cha afya, chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo muda wake haujaisha, na tiketi ya mizigo ambayo bei yake itakuumiza. Halafu unampeleka mbwa mwoga kwenye joto na kupe wa Pwani. Uwanja mkubwa wenye geti linaloachwa wazi mchana kutwa haumsaidii mbwa anayekimbia akigongewa mlango.

kamba_mbili
Nami nazungumzia makabidhiano tu, kwa sababu mbwa hawa hupotea siku za mwanzo.

Kwenye tangazo andika ulivyotuandikia hapa: meza, mlango, kunguruma mtu akimwinamia. Usiandike "ana aibu kidogo". Kunguruma ni onyo, na mtu aliyeambiwa mapema hatamgombeza. Taja uzito, saa anazoweza kubaki peke yake, na kama hujawahi kumwona na paka sema hujui. Anayetaka kumwona aje mara mbili, ya kwanza nje kwa matembezi, akae upande wake bila kumtazama usoni. Akiwa mpangaji, aonyeshe ruhusa ya mwenye nyumba. Uzio uangalie kwa video akitembea nao mzima, urefu futi 6, pamoja na chini ya geti.

Kamba ziwe mbili. Moja kwenye mkanda wa shingoni unaojikaza kidogo akivuta, nyingine kwenye mkanda wa kifuani wenye mishipi mitatu. Mbwa akishtuka hurudi kinyumenyume, kichwa chini, mabega yanakusanyika, na mkanda wa mishipi miwili unavuka masikio kama fulana. Mshipi wa tatu hukaa kiunoni, nyuma ya mbavu, na mbavu haziwezi kupita pale. Uache nafasi ya vidole viwili, usizidishe. Kamba zishikwe kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Bustanini pia atembee na kamba, wiki 2 za kwanza angalau.

Mpe mmiliki mpya blanketi lake bila kulifua, na chakula kilekile cha wiki 2. Akitoroka, wasimfukuze wala kumwita kwa sauti, maana mwoga akisikia kundi la watu huzidi kwenda mbali. Warudi alipotokea, waweke blanketi na chakula chenye harufu, waache kamera, waondoke.

banda_la_nyuma
Hapo kwenye wiki 2 za kamba bustanini naona umebana. Huyu wa kwenda chini ya meza mimi ningesema 4.

mkaa_Coventry
Kipengele kipo, ukurasa wa 2. Shirika nimeliandikia sasa hivi, damu ni Jumanne. Mkanda wake una mishipi miwili, naagiza mwingine leo.