Mrejesho: Ukumbi wetu wa mazoezi hapa Tudor, Mombasa

Assalaam alaikum ndugu zangu. Mwezi wa nne niliwaomba ushauri kuhusu ukumbi ninaouendesha pamoja na mume wangu, yeye akifundisha karate na mimi dansi na mazoezi ya viungo, kwa kuwa muziki wangu ulikuwa ukimeza sauti yake hadi wanafunzi wake wakaanza kutuhama, na magodoro ya sakafuni yalikuwa yakiota ukungu kwa unyevu wa pwani.

Nawashukuru nyote mliojibu. Tulitenganisha saa kama mlivyoshauri: wanawake wana kipindi chao saa kumi alasiri, milango ikiwa imefungwa, nasi hupasha mwili kwa ngoma ya chakacha kabla ya mateke, kwani nguvu ya teke hutoka kiunoni, na viuno vya huku havihitaji kufundishwa kuzunguka. Wiki iliyopita mama mmoja alikaza leso yake, akapiga teke lililonirudisha nyuma hatua mbili pamoja na pedi niliyoishika. Nilifurahi mno.

Karate sasa huanza baada ya isha, katika utulivu, ingawa kati ya wanafunzi tisa walioondoka wamerudi wanne tu.

Magodoro tunayafuta kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha tunayasimamisha ukutani usiku kucha badala ya kuyapanga juu kwa juu, na ukungu umekoma.

Ada moja kwa mafunzo yote haikufaulu. Wengi hawakutaka kulipia wasichohudhuria, kwa hiyo tumerudia malipo ya kila kipindi.