Tapioka ya pudini, pai na kinywaji: kwa nini yangu hugeuka tope?

Mpishi wa Jinja aliuliza:

Ndugu wasomaji, salaam. Kwa miaka mingi nimeujua muhogo katika sura zake za nyumbani tu: wa kuchemsha na maharage, wa kukaanga, na unga wake tunaouchanganya na ulezi ili kupata kalo, yaani ugali wetu. Mwezi uliopita jirani yangu mwenye asili ya Kihindi alinikaribisha bakuli la pudini ya maziwa yenye vipunje angavu vinavyoteleza ulimini, vikinukia iliki. Aliponiambia kwamba vipunje hivyo, ambavyo wao huviita sabudana, vimetengenezwa kwa muhogo, nilidhani ananitania.

Tangu hapo nimejaribu mara tatu na nimeshindwa mara tatu. Kwanza nilipika maziwa kwa unga wa muhogo wa sokoni, nikapata uji wenye chengachenga. Kisha nilitia unga huohuo katika pai ya nanasi, na mchuzi wa matunda ukawa mzito, lakini ukawa na rangi ya maji ya udongo na ladha ya unga mbichi. Mwishowe nilinunua Kampala zile punje kubwa nyeusi za kutia katika chai ya maziwa, nikaziloweka usiku kucha kama ninavyoloweka maharage, na asubuhi nikakuta tope. Je, kosa liko kwenye muhogo wetu au kwenye mikono yangu?

Jiko la Ntinda alijibu:

Dada yangu, muhogo hauna kosa, na mikono yako ina kosa moja tu, nalo ni lile la usiku wa kuamkia tope. Hilo nitawaachia wanaouza vinywaji. Mengine yote yametokana na kudhani kwamba unga wa muhogo na tapioka ni kitu kimoja. Unga ni muhogo mzima uliokaushwa na kusagwa pamoja na nyuzinyuzi zake, ilhali tapioka ni wanga peke yake, ule mweupe unaotuama chini ya beseni baada ya muhogo mbichi kukunwa, kuoshwa kwa maji na kukamuliwa kwa kitambaa. Nyuzinyuzi ndizo zilizokupa chengachenga na ile rangi ya udongo. Hata jina la tapioka limetokana na lugha ya Watupi wa Brazil, ambako watu walikuwa wakikamua wanga huo muda mrefu kabla ya Wareno kuuleta muhogo Afrika katika karne ya 16.

Kwa pudini, loweka theluthi moja ya kikombe ya punje ndogo za tapioka katika robo tatu ya kikombe ya maji kwa nusu saa, kisha ongeza maziwa vikombe viwili na robo na chumvi kidogo sana, ubandike kwenye moto mdogo na ukoroge bila kuondoka. Punje zinapoiva, kile kiini cheupe cha katikati hufifia mpaka kubaki nukta, halafu hata nukta hupotea. Hapo ndipo pa kusimama, kwa kawaida baada ya dakika 15 hivi. Mayai mawili yaliyopigwa na nusu kikombe cha sukari yamiminie kwanza maziwa ya moto kidogokidogo, usije ukapata mayai ya kukaanga ndani ya pudini, ndipo uyarudishe sufuriani kwa dakika mbili tatu. Epua ingali nyepesi kuliko unavyoitaka, kwa sababu itazidi kushikana inapopoa. Wengi huipika hadi iwe nzito motoni, kisha hushangaa inapogeuka gundi mezani.

Kwa pai, wanga wa muhogo una sifa ambayo unga wa ngano na ule wa mahindi hauna: mchuzi wa matunda hubaki angavu na wa kung'aa, na hata pai ikigandishwa katika friji haitoi maji inapoyeyuka. Changanya vijiko vikubwa vitatu au vinne vya wanga huo na vikombe vinne vya matunda na sukari, uache kwa robo saa, uoke mpaka mchuzi uchemke katikati ya pai na si pembeni tu. Ukitumia punje badala ya wanga laini, funika pai kwa unga uliosukumwa, maana punje zinazobaki wazi juu hukauka na kuwa kama changarawe. Na nanasi bichi usilichanganye kamwe na pudini ya maziwa. Lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na kuyatia uchungu. Lipike kwanza.

Muuza Vinywaji alijibu:

Punje nyeusi za kinywaji hazilowekwi. Wanga wake haujaiva bado, kwa hiyo katika maji baridi hulegea na kumomonyoka, ndiyo maana ulikuta tope. Zitupe katika maji mengi yanayochemka kwa nguvu, ukoroge mara moja zisishikane, na zikishaelea uzipike kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha ufunike sufuria na kuziacha zimalizikie humohumo. Baada ya kuzichuja, zitie katika sharubati ya sukari guru. Ndivyo inavyofanywa Taiwan, ambako kinywaji hiki kilianza katika miaka ya 1980.

Ninaongeza onyo ambalo limenigharimu pesa: usiziweke katika friji kwa ajili ya kesho. Wanga ulioiva ukipoa sana hukaza upya, na mteja atahisi anatafuna mpira. Pika za saa chache tu. Mimi huzitia pia katika juisi ya pasheni, na zinapendeza. Ila juisi hiyo usiichemshe pamoja nazo, kwani uchachu na moto wa muda mrefu huudhoofisha wanga.

Mama wa Soroti alijibu:

Wanangu, mmeeleza vizuri, lakini nimeona mmepita haraka penye hatari. Anayetaka kukamua wanga nyumbani atumie muhogo mtamu, ule tunaochemsha na kula, uliochimbwa siku hiyohiyo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na unahitaji kuchakatwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Mwezi wa Septemba 2017 huko Kasese watu 98 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula chakula cha unga wa muhogo wa aina hiyo, kwa hiyo jambo hili si la kufanyia majaribio jikoni.

Kuna muhogo mtamu? Basi umenye, uukune, uukoroge katika maji mengi, ukamue kwa kitambaa safi na uache maji yatuame kwa saa kadhaa. Mwaga maji ya juu, tia mengine safi, rudia mara mbili au tatu mpaka maji ya juu yawe maangavu kama ya mvua, kisha anika. Usikate tamaa ukiona kiasi kidogo. Beseni zima la muhogo hutoa wanga wa kujaza bakuli tu.

Mkulima wa Mukono alijibu:

Nina neno moja. Iliki ni ya Wahindi na ya pwani, nami sina ugomvi nayo, lakini Uganda inalima vanila na kuiuza ng'ambo huku sisi wenyewe tukipika pudini isiyo na harufu yoyote. Pasua ganda moja, kwangua mbegu zake na uzitie katika maziwa pamoja na ganda lenyewe tangu mwanzo.

Mpishi wa Jinja alijibu:

Ninawashukuru nyote, na Mama wa Soroti, shikamoo. Jana nilipika pudini kwa punje ndogo, nikafuata ile nukta nyeupe mpaka ikapotea, nikatia vanila. Pai bado inanishinda, kwa sababu nilikuwa na haraka na niliikata ingali ya moto, mchuzi ukatiririka sinia nzima, ingawa safari hii ulikuwa unang'aa kama asali. Pudini ilikwisha kabla ya usiku. Bakuli moja nilimpelekea jirani yangu, akala yote, akafuta kijiko, kisha akaniuliza kwa upole iliki iko wapi.