Umewahi kumpigia debe wakili wa haki za kiraia apewe cheo Wizara ya Sheria Marekani? Tupeane uzoefu

Mbeba Boksi Mstaafu:
Wakuu, habari za usiku. Jumapili baada ya ibada katibu wa jumuiya yetu alizungusha barua akitaka sahihi. Kuna wakili wa haki za kiraia anatajwa kwa nafasi ya juu Wizara ya Sheria, na wanataka tumuunge mkono kabla Kamati ya Sheria ya Seneti haijamhoji. Nusu ya watu walisaini bila kusoma, nusu wakakumbuka ghafla kwamba wana shifti. Mimi nimeondoka nayo, iko hapa mezani.

Imenirudisha 2021, wakati wa Kristen Clarke, yule wakili aliyependekezwa kuongoza Kitengo cha Haki za Kiraia cha wizara hiyohiyo, tulivyokuwa tunasumbuana kwenye magrupu: umepiga simu kwa seneta? Bado? Unangoja nini? Waliowahi kusaini, kupiga simu au kugoma, mwageni uzoefu. Ilisaidia chochote au tulikuwa tunajifurahisha?

Shangazi wa Ohio:
Nilipiga. Nilikuwa nimeandika hotuba nzima kwenye daftari. Kijana aliyepokea akaniuliza jina, namba ya posta ya mtaa wangu, na kama naunga mkono au napinga. Nikasema naunga mkono. Akasema asante, ameandika. Hotuba yangu ninayo mpaka leo.

Kilaza Mwandamizi:
😂😂 Shangazi itupie humu basi, isioze bure.

Bin Saidi:
Kujifurahisha tu. Maseneta wanapiga kura kwa chama. Clarke alipita kwa 51 dhidi ya 48, na Republican aliyevuka upande alikuwa mmoja, Susan Collins wa Maine. Simu ya Shangazi wa Ohio ilimgusa nani?

Shangazi wa Ohio:
Ilikugusa wewe, maana bado unaijadili.

Mama Neema:
Sikuwa na nia ya kuandika, lakini hili limenitoa usingizini. Nitaeleza kwa nini mimi nilipiga simu ile, na ningepiga tena hata leo.

Nilipopata hifadhi ya ukimbizi nilitafuta kazi kiwanda cha nyama, jina lake nalihifadhi. Usaili nikapita, vipimo vya mkojo nikapita. Siku ya kuanza tulipangwa kwenye benchi, kila mtu kapewa mabuti na helmeti, na helmeti ina utepe mweupe umeandikwa jina lako kwa wino mzito. Mama wa ofisi ya ajira akaanza kukusanya vitambulisho vya fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Nikampa leseni yangu ya udereva na kadi ya soshal, ile ya namba ya hifadhi ya jamii. Kadi ya soshal akainyanyua kwenye taa, akaigeuza, akaigeuza tena. Akasema hizi hazitoshi, lete grini kadi, ile ya ukaazi wa kudumu. Nikamwambia sina bado, mimi nina hifadhi, naruhusiwa kufanya kazi. Akapandisha sauti, nadhani alifikiri tatizo ni masikio yangu: GRINI KADI. Benchi zima likageuka. Kulikuwa na dada mmoja wa Goma alianza kunitetea kwa Kiingereza cha kuungaunga, akaambiwa akae chini asije naye akarudi nyumbani. Kisha msimamizi akaja akachukua helmeti yangu mapajani, akaubandua ule utepe wenye jina langu kwa ukucha, taratibu, kipande kwa kipande maana ulikuwa umeshika, akampa helmeti mtu aliyekuwa nyuma yangu. Mimi bado nimekaa. Nimekaa na mabuti yao mguuni, sijui niyavue au ninyanyuke nayo.

Sikulia pale. Nililia kwenye gari la jirani aliyekuja kunichukua, na yeye ndiye aliyeniambia kuna ofisi Washington inashughulikia mambo haya. Nikapiga nikiwa sina imani hata kidogo. Waliniunganisha na mkalimani, wakaniuliza nilionyesha karatasi gani. Nikasema leseni na soshal isiyo na masharti. Yule dada wa ofisi kwenye simu akanyamaza kidogo akasema hizo zinatosha, mfanyakazi ndiye anayechagua alete zipi katika orodha zinazokubalika, mwajiri haruhusiwi kumlazimisha alete fulani. Akaomba namba ya kiwanda. Hawakunipeleka mahakamani wala nini, walimpigia tu mwajiri wakamsomea sheria. Wiki haikuisha nikaitwa nirudi.

Baadaye sana ndipo nikajua ile ofisi ya haki za wahamiaji na wafanyakazi iko chini ya Kitengo cha Haki za Kiraia, kilekile ambacho Clarke alikuwa anapelekwa kukiongoza. Kwa hiyo Bin Saidi, mimi simu yangu haikuwa ya chama.

Kilaza Mwandamizi:
Mama umenimaliza. Huo utepe.

dereva_wa_usiku:
Naunga mkono hoja. Sina la kuongeza.

Mtoto wa Mwalimu:
Pole sana mama. Ila weka aya fupi, wengine tunasoma kwenye simu.

Shangazi wa Ohio:
Mtu anaeleza machungu yake wewe unasahihisha aya. Kweli ualimu ulibaki kwa baba yako.

Duka la Kona:
Sasa nisikilizeni na mimi, na msinirukie.

Kuna kijana alinivunjia duka usiku. Kamera ilimwonyesha wazi. Polisi walimkamata mtaa wa pili, wakamfunga pingu, halafu wakampiga akiwa na pingu tayari mkononi, na hilo nalo lilirekodiwa na mtu dirishani. Wakili wa haki za kiraia akaja akalishtaki jiji. Kijana kalipwa. Alilipwa zaidi ya nilichopata mimi kwa bima. Wakili akapigwa picha ngazi za mahakama akitabasamu, na mimi nilikuwa bado natafuta vioo.

Mwaka juzi yule wakili jina lake lilitajwa kwa cheo jimboni kwetu. Watu walewale mnaowaona wanyenyekevu kanisani wakaniletea barua nisaini. Mimi! Nikawaambia ondokeni na kalamu yenu.

Bin Saidi:
Hapo ndipo ninapowaambia kila siku. Wanatetea wahalifu halafu mnawapa wizara.

Wakili wa Mtaani:
Bin Saidi, wakili si mteja wake. Hayo ndiyo yaliyommaliza Debo Adegbile 2014. Obama alimpendekeza aongoze Kitengo hichohicho. Shirika alilofanyia kazi, ule mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, lilimtetea Mumia Abu-Jamal, aliyetiwa hatiani kwa kumuua askari Daniel Faulkner kule Philadelphia 1981. Hawakusema hana hatia. Walipinga hukumu ya kifo, hasa maelekezo waliyopewa wazee wa baraza, na mahakama za shirikisho zikakubali kwamba yalikuwa na kasoro. Sasa anatumikia kifungo cha maisha. Seneti ikamkwamisha Adegbile kwa 47 dhidi ya 52, na katika waliompinga walikuwemo Democrats wenzake na Obama. Mtu kazuiwa kwa sababu alifanya kazi ambayo katiba inataka mtu aifanye.

Duka la Kona:
Mjane wa yule askari alipinga hadharani. Naye alikuwa hajui katiba?

Wakili wa Mtaani:
Sijasema hivyo. Ana haki ya kupinga. Mimi nasema seneta ana kazi tofauti na ya mjane.

Duka la Kona:
Na mimi nina kazi tofauti na ya seneta. Kazi yangu ni vioo.

Mbeba Boksi Mstaafu:
Mkuu Duka, swali la heshima. Yule kijana kupigwa na pingu mkononi, hapo unasemaje?

Duka la Kona:
Vibaya. Nilimwambia hata askari mwenyewe. Nilitaka afungwe, sikutaka avunjwe taya. Lakini hakuna aliyekuja kuniuliza hilo, walikuja kuniomba sahihi. Sikusaini, na simu ya kumpinga pia sikupiga. Niacheni hapohapo.

dereva_wa_usiku:
Huyu ndiye mkweli kuliko wote humu.

Mjaluo wa Dallas:
Wazee, mnasahau polisi nao huwa wanaunga mkono. Vanita Gupta, 2021, alipopelekwa kuwa namba tatu pale wizarani, chama kikubwa cha polisi, Fraternal Order of Police, kilimkubali ingawa alitoka kwenye mashirika ya haki. Chama hichohicho ndicho kilichompiga vita Adegbile. Gupta akapita 51 kwa 49, Lisa Murkowski akiwa Republican pekee. Alikuwa ameshakaa nao meza moja wakati anaongoza Kitengo enzi za Obama, wanamjua. Kwa hiyo mwenye barua, tafuta sahihi ya mtu asiyetarajiwa. Sahihi za jumuiya yenu nzima zinajulikana kabla hazijaandikwa.

Shangazi wa Ohio:
Yaani Duka la Kona.

Duka la Kona:
Nimesema niacheni.

Kilaza Mwandamizi:
Ushauri wangu: ukipiga simu ofisi ya seneta ongea kama una haraka. Wakijua una muda wanakuweka kwenye muziki.

Mtoto wa Mwalimu:
Ushauri wa kweli: msisaini barua ya kunakili. Kila mtu aandike yake, aya mbili, lililomkuta yeye. Ya Mama Neema ikisomwa kwenye kamati inatosha.

Mama Neema:
Haisomwi popote, na helmeti yangu isiende Seneti. Nimewaambia ninyi.

Bin Saidi:
Mimi nasema tofauti. Kama kesi yako ya hifadhi haijaisha, kaa kimya. Usipige, usisaini. Mambo ya wenye nchi waachie wenye nchi.

Wakili wa Mtaani:
Usiwatishe watu. Hakuna sheria inayomkataza asiye raia kumpigia seneta wa jimbo analoishi. Kupiga kura ndiko huwezi, na hilo usijaribu hata kwa utani, linaweza kukufukuzisha. Lakini maoni ni maoni.

Bin Saidi:
Wewe una uraia, ni rahisi kusema.

dereva_wa_usiku:
Hapo kidogo Bin Saidi ana hoja. Hofu haisomi sheria.

Mzee Kilindini:
Nimewasoma toka mwanzo. Hili la "mambo ya wenye nchi" limenichoma. Januari 1960 wakili wa haki za kiraia wa Marekani, Thurgood Marshall, alikuja Kenya, kisha akaenda London kwenye mkutano wa Lancaster House wa katiba ya Kenya kuwashauri wajumbe wetu Waafrika. Tom Mboya ndiye aliyemwita. Akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya huru, akiwakumbuka hata Wahindi na Wazungu waliokuwa wanaogopa mali zao. Hakuwa Mkenya. Hakuna aliyemwambia awaachie wenye nchi.

Na yeye alipelekwa kwenye vyeo hivihivi mnavyovibishania. Kennedy alimteua jaji wa mahakama ya rufaa 1961, Seneti ikamkalia karibu mwaka mzima, maseneta wa kusini wakitafuta pa kumshikia, mpaka Septemba 1962 akapita 54 kwa 16. Johnson akamfanya Wakili Mkuu wa Serikali (Solicitor General) 1965, halafu 1967 Mahakama ya Juu. Mwaka ule wote wa kukaliwa kuna watu waliandika barua. Majina yao siyajui wala ninyi hamyajui.

Kilaza Mwandamizi:
Mzee amefunga mjadala.

Bin Saidi:
Hajafunga kitu. Marshall alialikwa. Mimi nani kanialika?

Shangazi wa Ohio:
Katibu wa jumuiya, Jumapili, baada ya ibada. Ukasema una shifti. 😏

Mbeba Boksi Mstaafu:
Haaa! Kumbe tunasali pamoja?

Bin Saidi:
Sijathibitisha wala sijakanusha.

mgeni_wa_juzi:
Samahani wakubwa, naingilia. Mimi sijui hao wakina Adegbile. Nimesoma ya Mama Neema mara mbili. Ndiyo yaliyonikuta, ghala la vifurushi, mwezi uliopita. Nilikuwa na leseni na soshal, wakasema bila grini kadi nisirudi. Nikadhani ndiyo sheria. Bado naweza kuwapigia hao watu?

Mama Neema:
Unaweza. Usingoje. Kabla hujapiga andika kwenye karatasi jina la kampuni, siku yenyewe, nani alisema nini, na ulionyesha karatasi zipi.

Wakili wa Mtaani:
Malalamiko rasmi yana siku 180 kuanzia siku walipokukatalia, kwa hiyo uko ndani. Soshal yako ina maandishi yoyote ya masharti juu ya jina?

mgeni_wa_juzi:
Haina. Ngoja niitazame tena. Haina.

Wakili wa Mtaani:
Basi piga.

mgeni_wa_juzi:
Kiingereza changu bado kinasumbua.

Mama Neema:
Ukipokelewa sema neno moja tu, "Swahili", halafu subiri kwenye laini. Watanyamaza kidogo, usikate. Wanamtafuta mkalimani.

Bin Saidi:
Na ukikwama niandikie faragha, nitakaa na wewe kwenye simu. Jumatatu sina shifti.