Tupeane uzoefu: mliopita depo ya wanamaji mkakutwa na vita ya Kagera, wenzenu waliishia wapi?

Kuruta wa Zamani
Wakuu salaam. Mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu picha za mazishi ya Jenerali Musuguri kule Butiama, yule mzee aliyefariki Oktoba 2024 na miaka yake 104, sasa kwenye umati nikaona babu mmoja kavaa bereti, bega moja limelala hivi, nikasema huyu si tulikuwa naye bweni moja Kigamboni! Usingizi ukakata. Sisi tuliingia jeshini tukaambiwa mtakuwa wanamaji, tukaanza mafundo ya kamba na injini za boti za Kichina, maandishi yote Kichina hujui hapa ni oili au ni hatari, hata bahari yenyewe hatujaizoea Nduli Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera, Mwalimu akahutubia Novemba 2, 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na sisi tukajikuta kwenye treni ya Mwanza na bunduki mapajani. Mliokuwepo, au watoto wenu, semeni: baada ya pale wenzetu walifanya nini? Nani alibaki jeshini, nani alitoka, nani kapotea kabisa.

Mzee Pantoni
Nipo. Hapo kwenye maandishi ya Kichina umenirudishia harufu ya ile karakana.

Chuma cha Doria
Shikamooni wazee. Mimi nauliza tu, wanamaji walienda kufanya nini Kagera? Vita ile ilikuwa ya nchi kavu mpaka Kampala. Isije ikawa siku hizi kila mwenye mvi alikuwa vitani.

Mzee Pantoni
Marahaba, ila punguza mdomo. Daraja la Kyaka Amin alilivunja mwanzoni mwa Novemba. Ulidhani jeshi zima lilivuka mto Kagera kwa kuruka? Tulivuka kwa daraja la kuelea, mwezi huohuo, na mto ule maji yanakimbia, kingo zimesimama kama ukuta. Aliyejua kufunga kamba na kushika boti isichukuliwe na mkondo alikuwa nani, mwalimu wa chekechea? Hatukwenda na meli sisi, tulikwenda na mikono.

Chuma cha Doria
Sawa babu, yaishe.

Mzee Pantoni
Hayaishi. Umeyaanza wewe.

Koplo Mkimya
Huwa nasoma tu siandiki, leo acha niandike. Baada ya Masaka kuanguka mwishoni mwa Februari 1979 nikachanganywa brigedi ya 201, wengi wetu mgambo na watu wapya wapya, tukaambiwa tunakwenda Lukaya. Asiyepajua, barabara ya Masaka kwenda Kampala pale inapita katikati ya kinamasi, kushoto mafunjo kulia mafunjo, ukitoka barabarani umezama mpaka kifuani. Machi 10 Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin wakaanza kuachia makombora ya Katyusha. Ukweli ni kwamba yale makombora yalikuwa yanapita juu yetu, hayakutupata kiasi hicho, lakini ule mlio ndugu zangu, mtu ambaye hajawahi kuusikia hakai, watu wakatawanyika na mimi nikatawanyika. Nilikuwa na rafiki yangu wa depo, mtu wa Pangani, muogeleaji kutushinda wote, wakufunzi walikuwa wanamtoa mbele atuonyeshe. Tukaingia mafunjoni pamoja giza limeshashika, nimemshika mkanda, maji yamejaa majani hayakubali kukubeba, akawa ananiambia usipige miguu we bwege, lala chali, lala chali. Nikalala. Juu mistari ya moto inapita na mimi najiambia hii ndiyo bahari niliyoahidiwa. Mkanda sijui niliuachia saa ngapi. Tarehe 11 brigedi ya 208 ikazunguka ikawapiga kwa pembeni, tukarudi barabarani, nikamtafuta, sikumpata. Kampala tunaingia Aprili watu wanashangilia wanatupa migomba barabarani mimi nachungulia kila gari la majeruhi. Vita ilipoisha nikaenda kwao. Mama yake aliniuliza kitu kimoja tu, alipigwa au alizama? Mtoto wa Pangani, mtu wa maji, nikaona siwezi kumpelekea mama jibu la pili. Nikasema alipigwa. Kazi baada ya hapo niliomba nisirudi majini, wakanitupa stoo. Nimehesabu mablanketi ya serikali mpaka nimestaafu.

Mama Tatu
Pole sana mzee wangu. Sina la kuongeza.

Fundi Pampu
Dah.

Binti wa Feri
Baba yangu nadhani alikuwa intake yenu. Alirudi na redio ya Kampala, mama akauliza umenunua? akasema nimepewa, ikaishia hapo. Akatoka jeshini akapata kazi ya boti kwenye shirika moja la umma, silitaji. Ndiyo miaka ile Mwalimu kasema tufunge mikanda miezi 18, miezi ikapita mikanda ikabaki, sabuni foleni, unga wa njano. Kitu ambacho baba hakutaka ni kuamshwa kwa kuguswa. Ukitaka kumwamsha unasimama mlangoni unapiga makofi. Mimi mpaka naolewa nilidhani nyumba zote zinafanya hivyo, siku ya kwanza nimempigia mume wangu makofi akadhani namfukuza. Miaka ya 90 wakapunguza wafanyakazi na yeye yumo, akawa anashinda feri anaangalia pantoni na kukosoa namna wanavyofunga kamba.

Mzee Pantoni
Alikuwa sahihi. Wanafunga vibaya.

Sarahangi Mstaafu
Sisi wengine tulikimbilia meli za Wagiriki. Zamani zile Mgiriki hakuulizi cheti, anakuangalia viganja, anakuuliza unaweza kupaka rangi ukiwa umening'inia, twende. Kilichotumaliza si mawimbi ni karatasi. Kuna mkataba wa kimataifa unaitwa STCW, ulipitishwa 1978 wakati sisi tunakimbizwa kwenye kwata, ukaja kurekebishwa 1995 ukawa na meno: cheti cha kuzima moto, cheti cha kujiokoa, cheti cha huduma ya kwanza. Muda wa jeshini nilioambiwa utanisaidia haukunisaidia. Wenzetu waliokuwa na akili waliingia DMI, chuo cha ubaharia pale Dar, wakakaa dawati moja na watoto, mmoja nimesikia alikuwa chifu injinia. Aliyenifundisha mimi kuvaa jaketi la kujiokolea alikuwa hajazaliwa nikiwa vitani Mutukula, kule mpakani, na alinifokea.

Chuma cha Doria
Kwa hiyo mzee ulizamia?

Sarahangi Mstaafu
Mimi nilipanda kwa ngazi. Waliopanda kwa kamba wapo humu, waseme wenyewe.

Spana 17
Mimi nilibaki Mwanza, fundi wa injini za boti. Mei 21, 1996 asubuhi. Watu wa ziwa mshajua naenda wapi. MV Bukoba, meli ya 1979, mwaka uleule tuliotoka vitani, imeandikwa abiria 430 na siku ile wamezidi mno. Tunafika imeshalala, tumbo juu, watu wamekaa juu ya tumbo. Na ndani wanagonga. Nimekaa vitani sijawahi kusikia kitu cha namna ile. Nikagonga kwa spana wakajibu. Nikagonga tena wakajibu, wengi, sehemu tofauti tofauti. Sasa depo tulifundishwa, meli iliyopinduka inaelea kwa ile hewa iliyobanwa ndani, ukitoboa hewa inatoka, maji yanapanda, inakwenda. Nikasema. Nani atamsikiliza mtu wa ovaroli lina grisi? Wakatoboa wapate kuwatoa watu, kwa nia nzuri kabisa, hewa ikatoka kwa mluzi, meli ikaenda. Watu wananiuliza habari za Kagera nawajibu, hii siulizwi.

Mama Tatu
Mungu wangu. Mimi nina shangazi Igoma pale makaburini, walikozikwa watu wa meli ile.

Fundi Pampu
Mzee ulisimama juu ya meli kabisa? Walitoboa upande gani? Eleza zaidi.

Msukuma Halisi
Tusilaumu. Mlitaka wakae pale wasikilize watu wanagonga mpaka wanyamaze?

Spana 17
Nimelaumu wapi? Soma tena.

Mzee Pantoni
Wangesubiri wazamiaji.

Msukuma Halisi
Wazamiaji walitoka Afrika Kusini mzee! Hewa ya kusubiri ndege ipo?

Fundi Pampu
Kinadharia unafunga kwanza maboya ya hewa pembeni ndipo ukate.

Msukuma Halisi
Maboya hayo yalikuwa kwenye stoo ya nani, yako?

Kuruta wa Zamani
Jamani. Msigombane juu ya huyu mwenzetu. Spana 17, wewe ulikuwa unalala karibu na dirisha? Kama ndiwe, nakudai viatu.

Spana 17
Viatu viliibwa Masaka, kamdai Amin.

Dogo Uhakiki
Wazee wangu shikamooni, baba anastaafu mwakani kikosi cha majini, kiinua mgongo anataka anunue boti ya uvuvi. Mnamshaurije?

Koplo Mkimya
Asinunue kitu chochote mwaka wa kwanza. Akae, alale.

Sarahangi Mstaafu
Anunue mapema kabla ndugu hawajajua. Mwaka wa kwanza ndio wanakumaliza, kila siku harusi, kila siku ada.

Binti wa Feri
Asikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Na asikose uhakiki wa wastaafu, baba alikosa mara moja pensheni ikasimama, anaambiwa athibitishe yuko hai na yuko pale dirishani anabishana nao.

Mzee Pantoni
Boti ya mbao usinunue kavu, ikague ikiwa majini ina mzigo. Kavu zote nzuri.

Msukuma Halisi
Anunue ng'ombe.

Mzee Pantoni
Mtu kakaa majini miaka yote hiyo unampa ng'ombe, atamfunga nanga?

Dogo Uhakiki
Baba kasoma, anasema boti. Anauliza injini ya mtumba ya nguvu arobaini mnajua inapatikana wapi?

Spana 17
Niandikie pembeni. Na usinunue bila mimi kuisikiliza ikinguruma.