Naomba ushauri: upepo wa tairi na uzito wa maji kwenye safari ya jangwani

Habari zenu wakuu. Tupo watu sita, magari mawili ya dizeli yanayovuta miguu yote minne, tunajiandaa kukatiza jangwa kwa siku nne. Kuna kipande cha kilomita 420 hakina kituo cha mafuta wala kisima, na sehemu kubwa ni matuta ya mchanga laini.

Maji nimepiga hesabu ya lita 6 kwa mtu kwa siku, nikaongeza siku mbili za dharura, jumla lita 216. Hapo sitaki kupunguza hata dumu moja, maana gari likifa katikati, maji ndiyo uhai wetu. Shida ni uzito, ukijumlisha na madumu ya dizeli.

Wiki iliyopita tulifanya mazoezi na mzigo kamili. Tairi zikiwa na upepo wa psi 22 (psi ni kipimo cha upepo), gari lilizama hadi ekseli ikalala juu ya mchanga, tukachimba kwa koleo karibu saa nzima. Nikashusha hadi 14, likapita vizuri kabisa, ila nilipokata kona kali tairi la mbele likachomoka kwenye rimu. Niliogopa kweli, nimebeba watu wanaoniamini.

Naomba kuuliza kwa waliowahi kupita njia za namna hii:

Gari likiwa na mzigo mzito, mnashusha upepo hadi ngapi bila tairi kuchomoka?

Na madumu ya maji mnayapanga wapi? Mwenzangu anataka yakae juu kwenye keria, mimi nahofia gari litapinduka tukipita tuta kwa ubavu.

Tunaondoka baada ya siku kumi. Natanguliza shukrani.