Mkandarasi kabadili mistari sita, katuachia imeji ya Ceph ya GB 9 isiyo na Dockerfile!

Wakuu salaam. Nina hasira, lugha mtanivumilia.

Ofisini tuna klasta ya Ceph 18.2.4 (programu huria ya kuhifadhi data kwenye seva nyingi kwa pamoja), yote inaendeshwa ndani ya kontena chini ya cephadm, chombo chake cha usimamizi. Mfumo wetu wa zamani wa kuskani nyaraka ulikuwa hauelewi jibu moja la kosa kutoka radosgw, ile sehemu ya Ceph inayopokea maombi ya S3 (njia ya kupakia na kusoma faili kupitia mtandao). Dawa yake ni kiraka (badiliko dogo la msimbo) cha mistari sita. Bosi akaleta mkandarasi. Programu ni huria, kuibadili ruksa, sina ugomvi na hilo.

Ijumaa jioni (Ijumaa! nani anagusa stoo ya data Ijumaa jioni?) jamaa akapiga `ceph orch upgrade start --image` na imeji yake (kifurushi ambacho kontena zinaanzia), yaani klasta nzima ihamie humo. Jumatatu simu hazikatiki. Faili iliyokuwa ikipanda kwa sekunde 2 sasa inataka 9, na `ceph -s` imejaa maonyo ya slow ops (kazi zinazochelewa kukamilika). Namuuliza, ananijibu: "Diski zenu zimechoka, ndugu." Diski zina miezi minne!

Nikaipasua imeji mwenyewe. `docker history` ikaonyesha tabaka moja nene juu kabisa, GB 7, na amri iliyolizaa ni `bash`. Basi. Yaani kaingia ndani ya kontena, kakompaili humohumo, katoka kapiga `docker commit`, inayogandisha kontena lilivyo kuwa imeji. Kiraka hakionekani, Dockerfile (faili ya hatua za kuijenga imeji) hakuna, na tagi ni `latest`, isiyotaja toleo. Kesho likitoka toleo la kuziba tundu la usalama, naanzia wapi?

Kibaya zaidi, `do_cmake.sh`, skripti ya kuandaa ukompaili wa Ceph, kaiendesha kavukavu. README ya Ceph inasema waziwazi: usipoipa `-DCMAKE_BUILD_TYPE=RelWithDebInfo` inakutolea toleo la wasaka hitilafu, ambalo kwa baadhi ya kazi linaweza kuwa zito hadi mara 5. Halafu hakuishia radosgw, na OSD zote (programu zinazosimamia diski zenyewe) zikavishwa hilohilo. Nani alimtuma kwenye OSD?

Kazi yenyewe ilikuwa kuchukua msimbo wa v18.2.4, kuweka kiraka, kukompaili radosgw peke yake kwenye mfumo uleule wa imeji rasmi ili laibrari zilingane, kisha kuibandika juu ya imeji hiyo rasmi, inayopatikana quay.io. Wenye Ceph wameweka hadi skripti yake, `src/script/cpatch`. Nimeimaliza usiku mmoja kwa mashine ya RAM GB 32. (Mkijaribu, ninja, chombo kinachoendesha ukompaili, mpeni `-j8`, yaani kazi nane kwa mpigo. Kila kazi inameza RAM kama GB 2.5, na akiachiwa kori zote anafia njiani.) OSD nimezirudishia imeji rasmi, maonyo yamekata.

Nimemwomba kiraka chake mara tatu, angalau nione kagusa nini kingine. Leo saa nne asubuhi barua pepe yake ikaingia, nikaifungua mbio.

Invoisi ya awamu ya pili.